Kiku: Namna ya Kujifunza Majina ya Kijapani ya Krisanthemu na Matumizi Yake

Anayejifunza Kijapani hapa Nairobi asianze kwa kukariri orodha ndefu ya majina ya maua, bali achague ua moja analolifahamu na kulifuata hadi jikoni, dukani na hata msibani. Ninapendekeza krisanthemu, ambayo wauza maua wa City Market huiuza kwa mafungu na ambayo Wajapani huiita kiku.

Matamshi yake ni mepesi kwa msemaji wa Kiswahili, kwani silabi zote mbili huishia kwa irabu, ila ile «i» hunong'onwa tu. Herufi yake, 菊, ina mikato 11: anza na alama ya majani juu, chora kizingio chini yake, kisha umalizie na alama ya mchele ndani.

Baada ya hapo jifunze majina ambatani, kila moja pamoja na kazi yake, ukikumbuka kwamba kiku ikitanguliwa na neno jingine mara nyingi «k» ya mwanzo hugeuka «g». Shungiku ni mboga ya majani ambayo hutiwa katika sukiyaki (nyama na mboga zinazopikwa pamoja katika sufuria) mwishoni kabisa, maana ikikaa motoni huwa chungu. Shokuyōgiku ni aina ambayo maua yake huliwa: nyofoa petali, tupa kitovu, zichovye kidogo katika maji yanayochemka yaliyotiwa siki ili rangi isififie, zipoze katika maji baridi, kisha uzikamue. Tafadhali usijaribu upishi huu kwa maua ya sokoni, kwa sababu hayo yalikuzwa kwa ajili ya mapambo na huenda yamenyunyiziwa dawa za wadudu.

Shiragiku, yaani kiku nyeupe, inahitaji uangalifu zaidi. Huko Japani ni ua la mazishi, kwa hiyo usimpelekee mgonjwa wala mwenyeji wako Mjapani, ingawa nembo ya mfalme wao nayo ni ua la kiku lenye petali 16.

Neno linalotugusa zaidi Wakenya ni jochūgiku, «kiku ya kuondoa wadudu», kwa kuwa hiyo ndiyo pareto yetu. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia Japani ndiyo iliyoongoza kwa kilimo chake, na baadaye Kenya ikashika nafasi hiyo. Mwaka 1890 Ueyama Eiichirō alitengeneza vijiti vya kufukiza mbu kwa unga wa maua hayo, na mwaka 1902 ile dawa ya kuchoma yenye umbo la mzunguko ikaanza kuuzwa. Jina lake ni katori senkō: «ka» ni mbu, «tori» ni kukamata, na senkō ni udi wa kijiti. Mwanafunzi aliyelelewa Molo au Kinangop ningemshauri aanze na maneno haya mawili kabla ya shungiku, maana pareto anaijua tangu shambani.