Namna ya kuandika wasifu wa mwanasiasa aliyetoka kwenye biashara: mwongozo kwa waandishi wa Lamu na Malindi

Mtu anayeketi kuandika maisha ya mwanasiasa aliyeanza kama mfanyabiashara kwa kawaida huyagawa maisha hayo mafungu mawili: kwanza duka, jahazi au hoteli, kisha kura, kiapo na ofisi. Mgawanyo huo ni rahisi, nao ndio unaoiharibu kazi. Katika miji yetu, wale aliokuwa akiwadai na wale waliokuwa wakimdai ndio hao hao waliokuja kumpigia kura, kumchangia, kumwombea dua na baadaye kumlaumu. Kwa hiyo ushauri wangu mkuu ni mmoja: lifuate deni. Tafuta ni nani aliyempa mtaji wa kwanza, ni nani waliochukua bidhaa kwake kwa ahadi ya kulipa, na madeni hayo yalikuwaje siku alipotangaza kuwa anawania kiti.

Anza na neno lenyewe, tajiri. Kwa wavuvi wa Lamu, tajiri si mwenye mali nyingi tu. Ni yule anayetoa chombo, nyavu, mashine na petroli, au anayemkopesha mvuvi fedha za chakula wakati wa kusi bahari inapochafuka, kisha akawa na haki ya kuuziwa samaki na kamba wa mvuvi huyo kwa bei anayoikubali yeye. Deni la namna hii mara nyingi halikusudiwi kwisha, kwa sababu ndilo linalomfunga mvuvi kwa tajiri na tajiri kwa mvuvi. Mtu mwenye wavuvi thelathini wa aina hiyo ana kaya thelathini zinazomsikiliza, na Kaunti ya Lamu nzima ina wadi 10 tu. Ukilifahamu jambo hili, utaona kwamba kampeni yake ilianza miaka mingi kabla ya bango la kwanza kubandikwa ukutani.

Kwa sababu hiyo, unapomhoji mzee aliyewahi kuvua kwa mwanasiasa wako, usimuulize kama tajiri wake alikuwa mkarimu. Atakujibu kwa adabu kwamba alikuwa mkarimu, nawe utarudi nyumbani mikono mitupu. Muulize mwaka wa uchaguzi alikuwa akidaiwa kiasi gani, na je, deni hilo lilifutwa, lilisogezwa mbele au lilidaiwa lote kwa mara moja. Muulize pia nani alihesabu kilo za kamba na mizani ilikuwa ya nani. Maswali haya yana majibu, na majibu yake yanaweza kulinganishwa na ya mvuvi mwingine.

Kabla ya kwenda kwenye mahojiano, jifunze hesabu za biashara anayohusika nayo. Aliyeuza boriti za mikoko hakuhesabu mti mmoja mmoja, bali alihesabu kwa korija, yaani ishirini ishirini, na fito, pau, mazio, boriti na nguzo kila moja ilikuwa na bei yake kwa kadiri ya unene. Ukiandika kwamba alisafirisha boriti mia bila kujua kama msimulizi alikusudia miti mia au korija mia, umeikosea biashara yake mara ishirini. Ujue pia kwamba usafirishaji wa boriti nje ya nchi ulipigwa marufuku mwaka 1982, kwa hiyo mfanyabiashara wa boriti aliyeingia kwenye udiwani baada ya hapo aliingia akiwa ameshapoteza soko lake la Uarabuni na la Ghuba, na huenda hapo ndipo ulipo mlango wa kisa chako. Kwa nyaraka za zamani zaidi, kumbuka kwamba rupia ndiyo iliyokuwa fedha ya Mwambao hadi mwaka 1920, kwamba shilingi ya Afrika Mashariki ilifuata muda mfupi baadaye, na kwamba shilingi ya Kenya ilianza kutumika mwaka 1966. Frasila moja ni takriban ratili 35, karibu kilo 16. Barua za wafanyabiashara wa zamani ziliandikwa kwa hati za Kiarabu na kuwekwa tarehe za Hijria. Mwaka 1312, kwa mfano, ulianza Julai 1894 na kumalizika Juni 1895, hivyo usiandike mwaka mmoja wa Kizungu kabla hujaujua mwezi.

Kuhusu nyaraka nitakaa kidogo, kwa maana hapa ndipo waandishi wengi wa kwetu hukata tamaa mapema. Dhana kwamba kila kitu kiko Nairobi si sahihi. Ni kweli kwamba Nyaraka za Taifa ziko huko, katika jengo la zamani la benki lililoko Moi Avenue, na lazima siku moja uende. Lakini jalada ambalo limenifunza mambo mengi kuliko yote kuhusu matajiri wa pwani ni la mirathi katika mahakama ya Kadhi. Baba mwenye duka anapofariki na warithi wakakosa kuelewana, hapo huorodheshwa kila kitu: nyumba, chombo, mashamba ya minazi, dhahabu ya mke, bidhaa zilizobaki rafuni, na, jambo lililo bora kwako, madeni ya watu. Utaona kama mwanasiasa wako kweli alianza na mtaji wa kuuza kahawa barazani, kama watu wanavyopenda kusimulia, au kama alirithi sehemu ya duka la jumla. Omba ruhusa ya kulisoma kwa heshima, eleza kusudi lako kwa maandishi, na ukubali ukiambiwa kwamba baadhi ya kurasa hazihusu umma. Mambo ya ndoa na talaka ya watu walio hai hayana kazi katika wasifu wa aina hii hata ukiyaona.

Kampuni zilizosajiliwa zina njia nyepesi. Kupitia eCitizen unaweza kulipia fomu ya CR12, inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa wa kampuni kwa wakati huo. Tatizo lake ni hilo neno "kwa wakati huo", kwa maana fomu ya leo haikwambii nani alikuwa mkurugenzi mwaka 2013 kaunti zilipoanza, na ni lazima uombe kumbukumbu za mabadiliko. Tatizo la pili ni kwamba wafanyabiashara wengi wa Lamu hawakuwahi kuwa na kampuni. Walikuwa na leseni ya duka kutoka Baraza la Kaunti, na huko Malindi kutoka Baraza la Manispaa. Mabaraza hayo yalimalizika mwaka 2013, na makaratasi yake yakaangukia mikononi mwa serikali za kaunti mpya za Lamu na Kilifi.

Ili kuyapata, tumia haki yako. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaruhusu ombi liandikwe kwa Kiswahili, tena inaitaka ofisi ijibu ndani ya siku 21. Ukikataliwa, unazo siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Andika ombi lako liwe jembamba: taja aina ya karatasi, mwaka, na jina la biashara. Ombi langu la kwanza, ambalo lilitaka "habari zote" za diwani mmoja, lilikaa mezani kwa miezi. La pili, lililotaka kumbukumbu za vikao vya kamati moja kwa mwaka mmoja, lilijibiwa. Sikuona njama yoyote katika ukimya ule wa kwanza. Karani hakujua aanzie wapi.

Kwa mwanasiasa aliyefika Bungeni, soma Kumbukumbu Rasmi za Bunge, yaani Hansard, na usome hasa hotuba zake kuhusu bandari, uvuvi, ardhi, utalii na kodi, kisha uziweke kando ya biashara yake. Kiswahili kilianza kuruhusiwa kuzungumzwa katika Bunge la Kenya mwaka 1974, kwa hiyo kuanzia hapo unaweza kumnukuu mtu wa Mwambao kwa maneno yake mwenyewe pasipo mkalimani, na ladha ya maneno hayo inastahili nafasi katika wasifu. Tahadhari moja: kuna Shela ya Lamu na kuna Shela ya Malindi, zote mbili zina wadi, na nimeona maandishi ambamo barabara iliyoombwa kwa ajili ya moja imehesabiwa kuwa mafanikio ya mbunge wa nyingine.

Kesi za uchaguzi ni hazina ambayo haiguswi ipasavyo. Malalamiko dhidi ya ushindi wa mbunge huwasilishwa Mahakama Kuu ndani ya siku 28 na huamuliwa ndani ya miezi sita, na ndani ya hati za viapo utakuta madai ya fedha zilizogawiwa, magari yaliyokodiwa, mawakala waliolipwa. Kiapo cha mpinzani bado ni dai tu. Hukumu ya jaji ndiyo inayokuambia ni lipi lililothibitishwa, kwa hiyo usitumie jalada ambalo hukulisoma hadi ukurasa wa mwisho.

Sura ngumu kuliko zote ni ile ya zabuni. Katiba, katika kifungu cha 77, inamzuia afisa wa serikali wa muda wote kushika kazi nyingine ya kipato, na sheria ya ununuzi wa umma inamzuia kufanya mkataba na ofisi anayoitumikia. Baada ya ushindi, basi, jina lake linaweza kutoka katika kampuni na likaingia la ndugu, mke au karani wa zamani. Jambo hilo linaweza kuwa utii wa sheria na linaweza kuwa njia ya kuikwepa. Kazi yako ni kupanga tarehe kwa mfuatano: siku ya kiapo, siku ya kubadilishwa kwa wakurugenzi, siku ya kutolewa kwa zabuni, na maelezo ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu kama yapo. Iwapo tarehe hazisemi neno, usizisemee. Kashfa ya maandishi bado ni kosa la madai nchini Kenya, na anayeshtaki ana mwaka mmoja wa kufanya hivyo. Lakini hata kama sheria isingekuwepo, mji ni mdogo, na mtoto wa mtu unayemwandika anasoma darasa moja na wako.

Ukitaka kujizoeza kabla ya kumgusa aliye hai, mchukue Salim bin Khalfan. Alikuwa liwali, yaani gavana wa Sultani, wa Malindi katika karne ya 19, kisha wa Mombasa, na mwanawe, Ali bin Salim, alishika kiti hicho baada yake. Hakupigiwa kura na mtu yeyote, lakini maisha yake yanafunza jinsi cheo na mali vinavyokua pamoja, kwa kuwa alikuwa miongoni mwa wenye mashamba makubwa kabisa ya Malindi, katika zama ambazo mji huo ulisafirisha mtama na ufuta uliolimwa kwa mikono ya watumwa. Utumwa haukupoteza nguvu ya sheria nchini hadi mwaka 1907, na mwaka uliofuata ukaja utaratibu wa kusajili hati za ardhi za Mwambao, ambao uliwapa hati walioweza kudai na kuwaacha wengine wakiwa maskwota hadi vizazi vya leo. Mwandishi anayemsifu liwali kwa biashara yake bila kuwataja waliolima mashamba ameandika nusu ya hesabu. Nalisema hili kwa uzito, kwa sababu kosa hilo hilo hufanywa kwa matajiri wa leo: tunaandika hoteli ilijengwa, hatuandiki ardhi yake ilikuwa ikilimwa na nani.

Mahojiano yafanye kwa utaratibu wa mahali. Lamu, nenda barazani baada ya alasiri, amkia, keti, na uache mazungumzo yapite kwenye hali ya bahari na bei ya sukari kabla ya kulifikia jambo lako. Wanawake wa nyumba usiwasahau. Katika nyumba nyingi za biashara, daftari la madeni liliwekwa na mke au dada, na yeye ndiye anayekumbuka nani alilipa na nani alitorokea Mombasa. Ikiwa wewe ni mwanamume, enda na dada yako au mwenzako mwanamke, naye ndiye awe muulizaji. Ukionyeshwa daftari lenyewe, usiliombe kulichukua. Lipige picha ukiwa hapo hapo, pamoja na jalada la nje, na uandike ni nani aliyekuonyesha na siku gani.

Rasimu ikiwa tayari, isome kwa sauti mara mbili. Mara ya kwanza isome kwa jamaa za mwanasiasa, kurasa zinazohusu mtaji wa kwanza na mirathi, kwa maana hapo ndipo watakapokusahihisha majina na nasaba. Mara ya pili wasomee wavuvi wawili au watatu waliokuwa wakidaiwa naye, kurasa za miaka ya kampeni, na uwe na kalamu mkononi wakianza kubishana juu ya kiasi cha deni.