Kepteni wa timu ya kriketi kakuita utupe spini (mpira wa kuzunguka) ghafla? Chunga mguu

Maboola (warushaji) wenyewe wamechoka, wewe mtu wa kubati, yaani kupiga mpira, unapewa mpira urushe, basi usijifanye Shane Warne, yule bingwa wa spini wa Australia. Tupa ofuspini (spini ya vidole) tu: kidole cha shahada na cha kati vitanue juu ya mshono, ukiachia zungusha mkono kama unafungua kitasa. Aasif Karim wa Kenya aliwakaba Australia pale Durban 2003, akatoa wabati 3 (wiketi 3) kwa rani 7 tu, yaani pointi 7, kwa kulenga sehemu ileile tu.

Sasa noboli, yaani mpira uliorushwa kinyume cha sheria, hapa ndo tunaumbuka. Spina (mrusha spini) unatembea hatua tano tu, laini unaikanyagaje bana? Mguu wa mbele unapotua, walau sehemu yake moja, hata kisigino kilicho hewani, lazima iwe nyuma ya ile laini iliyo mita 1.22 mbele ya wiketi (vile vijiti vitatu), na mguu wa nyuma usiguse laini ya pembeni. Ukikosea kwenye T20 (mechi fupi ya ova 20) wapinzani wanapata rani moja na frihiti juu, yaani mpira unaofuata mbati hatolewi kwa njia za kawaida. Kwa hiyo simama kwenye laini, hesabu hatua zako kurudi nyuma, chora alama kwa njumu, jaribu bila mpira, ukiona unapitiliza sogeza alama nyuma kidogo. Na fultosi (mpira usiodunda) ikipita juu ya kiuno cha mbati nayo noboli, hata iwe ya polepole vipi.