Kabla hujaleta vifaranga wa mayai bandani kwako, zingatia haya

Watu wengi huku Moshi na Arusha wakitaka kuanza kuku wa mayai, swali la kwanza ni trei inauzwaje na banda la kuku mia linakula shilingi ngapi. Sawa, pesa ni muhimu, ila naomba kabla hujaagiza vifaranga uelewe kwanza mwili wa huyo kuku ukoje, kwa sababu hasara nyingi na mateso mengi ya mnyama yanaanzia hapo. Kuku wa porini kule Asia, ambaye ndo asili ya kuku wote tunaofuga, hutaga kama mayai 10 hadi 15 kwa mwaka. Kuku wa mayai wa kisasa kama Isa Brown au Lohmann Brown anapita 300, na wazalishaji wa mbegu sasa hivi wanalenga mayai 500 mpaka wiki ya 100. Mwili wenyewe hauzidi sana kilo mbili. Amechaguliwa kizazi hadi kizazi ili atage tu, kwa hiyo hata akipungukiwa chakula haachi mara moja, anaendelea kutaga huku anajimaliza.

Chukua ganda tu. Ganda moja lina kama gramu 2 za kalsiamu na yeye kwa siku anakula gramu 110 hadi 120 za chakula, na sio kalsiamu yote anayokula inaingia mwilini, halafu sehemu kubwa ya ganda inatengenezwa usiku wakati kuku amelala na hali kitu, sasa ikipungua tumboni anachota kwenye mifupa yake mwenyewe. Akichota hivo mwaka mzima mifupa inaisha nguvu. Unakuta kuku jana alikuwa anataga vizuri kabisa, leo amelala ubavu hawezi kusimama, watu wanasema ni kideri wakati miguu imekosa kalsiamu.

Kwa hiyo chakula kitafutwe kabla ya kuku. Layers mash, yaani chakula cha kuku wanaotaga, iwe na kalsiamu kama asilimia 3.5 hadi 4.5, na kama unachanganya mwenyewe mahindi, pumba, mashudu ya alizeti na dagaa, usikadirie kwa macho jamani, mtafute mtaalamu akupigie hesabu, Tengeru pale kuna chuo cha mifugo, sio mbali. Chokaa ya mifugo tafuta na ile ya punje punje, sio unga peke yake, uwawekee kwenye chombo chake alasiri. Punje zinakaa kwenye firigisi na kuyeyuka taratibu usiku, muda uleule ganda linapotengenezwa. Ila usiwape vifaranga wala matetea layers mash mapema ukidhani unawawahisha, kalsiamu nyingi kwa kuku ambaye hajaanza kutaga inaumiza figo. Wape growers, chakula cha kuku wanaokua, mpaka karibu wiki ya 17 hivi.

Jambo lingine ambalo wauza vifaranga hawakwambii ni kidari. Nenda kwa jirani anayefuga, jioni kuku wakiwa wametulia, umuombe akushikishe mmoja. Mweke kifuani kwako, mabawa yamebanwa vizuri, halafu pitisha kidole gumba na cha shahada kwenye ule mfupa uliosimama katikati ya kifua, toka juu mpaka ncha ya chini. Mfupa mzima umenyooka, kidole kinateleza. Uliovunjika una kinundu, mara nyingi kule kwenye ncha, au umepinda upande mmoja, na ukipagusa kuku anashtuka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Copenhagen walikagua kuku wa mashamba ya Denmark, matokeo yakatoka 2021, kama asilimia 85 walikuwa na mfupa huo umevunjika. Wale wana mabanda ya kisasa! Na waliokuwa na hatari zaidi ni kuku wenye mwili mdogo na walioanza kutaga mapema.

Ndo maana nawasihi kuhusu taa. Huku kwetu mchana ni kama saa 12 mwaka mzima, na ni kweli kuku anayetaga hufanya vizuri akipata mwanga wa saa 14 hadi 16, ila mtu anawasha balbu usiku kucha kwa tetea wa wiki 14 ili aone yai haraka. Huyo nyonga haijakomaa. Yai likija kubwa kizazi kinatoka nje, wenzake wanaona ile nyama nyekundu wanaidonoa, asubuhi unamkuta amekufa utumbo uko nje. Nimemwona kuku wa hivo na sitaki kumwona mwingine. Subiri wafike kilo 1.5 hivi karibu wiki ya 18, ndo uongeze mwanga kidogo kidogo, nusu saa kwa wiki.

Andaa pia chumba kidogo cha pembeni cha mgonjwa kabla ya kuhitaji. Kuku hawa wanasumbuliwa sana na njia ya mayai: kiini kinadondokea tumboni badala ya kuingia kwenye mrija, bakteria wanaingia, tumbo linajaa na kuku anasimama wima kwa shida. Akifika hapo mara nyingi haponi, na kumchinja mapema ni huruma kuliko kumzungushia antibaotiki wiki nzima huku mayai ya banda yanaendelea kwenda sokoni na dawa ndani. Pata namba ya daktari wa mifugo sasa.

Chanjo nazipitia haraka maana ratiba utapewa na daktari wako: mareksi siku ya kwanza, kideri, gumboro, ndui. Uliza kama vifaranga wamepewa ya mareksi, usikubali jibu la "nadhani".

Nafasi: kuku watano au sita kwa mita moja ya mraba kama wako kwenye maranda, kiota kimoja kwa kuku watano, vichanja viwe vya chini wasiruke kwa kishindo na hiyo mifupa yao. Keji zile za waya ambazo kuku hawezi hata kutandaza bawa, Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku toka 2012, huku bado tunauziwa kama ndo maendeleo, mimi siziungi mkono. Wakibanana, wakikosa protini au chumvi, au wakikaa tu bila kazi, wanaanza kunyonyoana manyoya. Waning'inizie majani ya kabichi. Na joto la Moshi Januari mpaka Machi lipangie paa la juu na maji ya baridi, kuku akihema sana ganda linakuwa jepesi.

Mwisho wao nao upange kabla. Kuanzia mwaka na nusu hivi utagaji unashuka na utawauza kama nyama, basi hapo mifupa ndo imechoka kabisa, kumkamata mguu mmoja na kumning'iniza kichwa chini kwenye usukani wa bodaboda mpaka sokoni Mbuyuni ni kumvunja akiwa hai. Mkamate kwa mikono miwili usiku taa zimezimwa, weka kwenye tenga wachache wachache, na mnunuzi asiyetaka kuwabeba hivo mkatae hata akiongeza bei.