Oili ya gia na grisi za Land Cruiser mkonga: ipi iende wapi

Hii ni kwa HZJ75 yenye giaboksi ya H55F na ekseli nzima mbele. Rangi ya oili au grisi isikudanganye, soma kopo.

1. Kumwaga

Endesha kwanza ili oili ipate moto. Legeza bolti ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia, maana ya juu ikigoma wakati oili imeshamwagika, gari halitoki hapo.

2. Difu

GL-5 (daraja la kazi ya oili), 80W-90 (uzito wake), karibu lita 3 kila moja, ya mbele na ya nyuma. Difu ya nyuma ikiwa ya LSD (inayozuia gurudumu moja kuzunguka bure), kopo nalo liandikwe LSD.

3. Giaboksi na transfa

GL-4, 75W-90: karibu lita 5 giaboksi, na lita 2 transfa (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma). Muuzaji atakwambia GL-5 ni bora kwa kuwa namba ni kubwa. Namba hiyo inataja kazi ya oili tu. Pete za sinkronaiza hutegemea msuguano ili gia ziende mwendo mmoja. Oili inayoteleza mno huzifanya zikwaruze, na dawa za GL-5 zikipata moto zinaweza kula shaba ya pete hizo. Weka oili ileile pande zote mbili. Giaboksi ikifurika huku transfa imepungua, sili iliyo kati yao imekufa.

4. Grisi

Beringi za magurudumu na krosi za propela (viungo vyake vya msalaba): grisi ya lithiamu, NLGI 2 (kipimo cha ugumu wa grisi). Krosi pampu mpaka grisi chafu itoke. Pale propela inapoteleza ili irefuke na kufupika, usijaze hivyo. Grisi haibanwi, na springi zikishuka shafti itasukuma beringi za transfa.

Nako za mbele, yale matufe nyuma ya gurudumu, ndizo zenye kesi. Humo huingia grisi ya moli (lithiamu yenye molibdenamu). Shindilia ndani ya sivi jointi yenyewe (kiungo kinachozungusha gurudumu hata likikatwa kona) kwanza, kisha jaza nako kama robo tatu. Ukifungua ukakuta uji mweusi unaonuka oili ya difu, usilaumu grisi wala usiongeze nyingine juu yake: sili ya ndani ya ekseli inavuja. Safisha kila kitu kwa dizeli, kausha kabisa, badili sili. Ila kabla ya kuigonga sili mpya iingie, pitisha ukucha kwenye shafti mahali sili inapogusa. Ukihisi mfereji, sili mpya haitadumu. Iweke milimita moja au mbili pembeni ya ule mkwaruzo, au badili shafti. Angalia pia bushi ya ndani ya spindo (bomba linalobeba beringi za gurudumu): ikilika, shafti hucheza na kuua sili yoyote, hata ya bei mbaya. Mwisho zibua kipumulio cha ekseli. Kikiziba, hewa yenye moto husukuma oili nje kupitia sili, na ukiingia mtoni ekseli ikapoa ghafla, hunyonya maji. Oili ya difu iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa imeshakunywa maji, imwage.

Baada ya kilomita 500 pangusa tufe. Utando mwembamba wa grisi ni kawaida, matone siyo.