Kopo la baruti kuukuu: la kujazia risasi au la kutupa?

Marekani, ambako kujaza risasi nyumbani (kutia baruti mpya kwenye maganda yaliyokwisha kupigwa) ni halali na watu wengi wanafanya, makopo ya baruti hurithiwa kama misumeno na randa. Mzee anafariki, watoto wanafungua banda, wanakuta makopo sita ya bati, bei ya zamani bado imebandikwa. Swali la kwanza huwa: ina miaka mingapi? Umri peke yake haukuambii kitu. Baruti ya miaka 40 iliyokaa kwenye chumba kikavu chenye ubaridi inaweza kuwa nzima kabisa, na ya miaka michache iliyoachwa darini au kwenye buti la gari ikawa imeoza. Uliza ilikaa wapi, kisha fungua kifuniko. (Aliyeko Kenya au Tanzania, risasi na baruti ziko chini ya leseni. Ukilikuta kopo kwenye mali ya marehemu, liache pale pale uwaite polisi.)

Kwanza jua una baruti ya aina gani. Baruti nyeusi, ile ya gobore, ni mchanganyiko wa shura, makaa na salfa (kiberiti), nayo ikiwa kavu haiozi. Adui yake ni maji: ikilowa, shura huyeyuka na kujitenga, kwa hiyo hata ukiianika ikauka haitumiki tena. Kinachowasumbua wajazaji leo ni baruti isiyo na moshi. Hii ni naitroselulosi, peke yake au pamoja na naitrogliserini, na huanza kujila yenyewe tangu siku inapotoka kiwandani. Inapovunjika hutoa gesi za naitrojeni. Gesi zikikutana na unyevu zinakuwa asidi, na asidi inaharakisha kuvunjika. Ndiyo maana kiwandani huongezwa kidhibiti, mara nyingi difenilamini, kiasi cha asilimia 1 hivi, kinachonyonya gesi hizo. Kidhibiti kikiisha, hakuna kinachouzuia uozo. Jeshi la Marekani hupima kilichobaki, na kikishuka chini ya asilimia 0.20 shehena hiyo huondolewa. Nyumbani huna maabara, una pua na macho.

Joto ndilo linalomaliza kidhibiti. Kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazoongezeka, kasi ya uozo huongezeka maradufu au zaidi. Baruti nyingi iliyooza ikirundikwa mahali pamoja inaweza kujipasha joto hadi ikajiwasha. Manowari mbili za Ufaransa, Iéna mwaka 1907 na Liberté mwaka 1911, zililipuka bandarini Toulon kwa sababu ya baruti ya namna hii. Kopo moja la ratili si ghala la manowari, lakini kemia ni ile ile.

Ukaguzi fanyia nje, mbali na moto, sigara na chochote chenye cheche. Kabla ya kufungua, shika kopo. Likiwa na joto kuliko vitu vilivyo jirani yake, usilifungue. Nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya kuteketeza hapa chini. Likiwa la kawaida, fungua taratibu na upepee hewa kwa mkono kuelekea puani, usiingize pua ndani. Baruti nzima hunukia spiriti au etha, harufu kali lakini safi. Iliyooza huchoma pua na kukaba koo kama mvuke wa asidi. Ukiona moshi mwekundu au wa kahawia ukitoka, ukaguzi umekwisha.

Angalia kifuniko kwa ndani. Kutu mbichi kwa ndani, wakati nje bati ni zima, ni kazi ya asidi. Kisha mimina kijiko kimoja kwenye karatasi nyeupe, kwenye mwanga wa mchana, uinamishe karatasi. Chembe nzima hutelezana moja moja, zinang'aa kijivu cheusi kwa grafiti, na zikiondoka zinaacha alama ya kijivu tu. Mbovu huacha vumbi jekundu la kahawia, kama la bati lililoota kutu, au hushikamana mabonge, au huonekana kama zimetoka jasho. Hapa wengi huchanganyikiwa: baadhi ya baruti, kama Red Dot, zina vipande vyekundu vilivyotiwa rangi makusudi ili zitambulike. Hivyo ni vipande kamili vyenye umbo, si vumbi.

Karatasi ya litmasi ya buluu (ya kupimia asidi) iliyoloweshwa kidogo na kuning'inizwa ndani ya kopo ikigeuka nyekundu, tupa baruti. Isipogeuka haijathibitisha kitu. Pua bado ndiyo hakimu.

Watu wengi husema baruti kuukuu hupungua nguvu tu. Imani hiyo ni ya hatari. Baruti iliyokauka kupita kiasi, mathalani kwenye kopo lililoachwa wazi, huungua haraka zaidi, na presha kwenye chemba hupanda kwa kipimo kile kile. Kwa hiyo hata ikipita mtihani wa harufu na karatasi, usiijaze kama mpya.

Soma lebo. Kopo lisilo na lebo, au lenye lebo iliyoandikwa kwa kalamu, ni la kuteketezwa hata likinukia vizuri, kwa sababu hakuna mtu awezaye kuitambua baruti kwa kuitazama. Lebo ikiwepo, tafuta kitabu cha vipimo cha enzi ya kopo hilo. Jina linaweza kubaki miaka 50 huku baruti yenyewe ikibadilika: 4831 ya masalio ya jeshi iliyouzwa baada ya Vita Kuu ya Pili haiungui kwa kasi sawa na zinazotengenezwa sasa kwa jina hilo. Usichanganye kopo la zamani na jipya kamwe.

Anza asilimia 10 chini ya kipimo cha juu cha kitabu hicho, ukipima kila chaji (baruti ya risasi moja) kwenye mizani. Jaza risasi tano. Kwa bunduki yenye ganda kubwa kama .30-06, panda kwa nusu greini (greini ni kipimo kidogo cha uzito wa baruti). Piga ukiwa na kipima kasi: kasi ikizidi ile ya kitabu, presha nayo imezidi, simama hapo hata kama ganda linaonekana salama. Fataki (kile kidude cha kitakoni mwa ganda kinachowasha baruti) iliyobapa, ganda linalogoma kutoka, au kasi inayoruka huku na huku, vyote ni sababu ya kuacha. Ukisikia fataki imelia lakini risasi haijatoka, elekeza mtutu mahali salama uhesabu sekunde 30 kabla ya kugusa bolti.

Risasi zilizokwisha kujazwa zamani, chomoa vichwa viwili vitatu. Ukikuta ukijani ndani ya shingo ya ganda, baruti imeshaanza kutoa asidi na fungu zima halifai.

Itakayobaki ikae kwenye kopo lake la asili, mahali pakavu penye kivuli, kwenye sanduku la mbao. Sefu ya chuma inayobana hugeuza moto kuwa mlipuko. Kanuni za NFPA 495, za shirika la Marekani la kinga ya moto, zinaruhusu nyumbani ratili 20 (kilo 9) kwenye makopo ya asili. Zaidi ya hapo, hadi ratili 50, zitiwe kwenye sanduku la mbao lenye kuta za inchi moja. Sheria za eneo lako zinaweza kuwa kali zaidi.

Iliyooza ipigie zimamoto kwanza uwaulize taratibu za kwenu. Ikiwa inafuka au ina joto, wapigie mara moja, usibane kifuniko, na kaa mbali nayo. Isiyofuka ambayo unaruhusiwa kuichoma, itandaze nje kwenye udongo mtupu, unene usiozidi sentimita 2.5, isiyozidi ratili moja kwa mara, na uiwashe kwa utambi mrefu wa karatasi ili uwahi kuondoka upande upepo unakotoka. Usichome ndani ya kopo, pipa wala jiko. Kopo tupu lisuuze kwa maji, kisha bandua lebo yote, mtu mwingine asije akalijaza kitu kingine akaamini jina lililoandikwa.