Malengo yako yamekwama kwenye "nita", yahamishie kwenye "niki"

Watu wengi mjini hapa hawana shida ya kukosa malengo, wanayo mengi mpaka yanabanana. Fungua grupu lolote la WhatsApp wiki ya kwanza ya Januari uone, nitaweka akiba, nitaanza mazoezi, nitarudi shule, mwaka huu lazima nipaue nyumba ya Chanika. Ikifika Pasaka kimya, na mtu anabaki anajiona mvivu, hana nidhamu, eti hakutaka kweli. Mimi hilo la kutotaka silikubali kabisa, maana mimi nilitaka sana na bado nilikwama.

Miaka mitatu mfululizo niliandika kwenye daftari "nitasoma kila siku" kwa ajili ya mitihani ya uhasibu. Nauza vitambaa Kariakoo, naishi Chamazi, mpaka nifunge hesabu nigombanie daladala nifike nyumbani ni saa 3 usiku, miguu inawaka moto, nakula, naweka kitabu mapajani, nakuja kushtuka saa 8 usiku taa inawaka na kitabu kipo chini. Kesho yake naandika tena nitasoma. Kilichonitoa hapo siyo hamasa wala zile video za kutia moyo, ni sentensi moja tu: "Nikishuka kwenye daladala asubuhi, kabla sijafungua duka, nakaa kwenye ngazi nasoma kurasa nne." Basi. Zile ngazi nazijua mpaka leo, ya tatu imemeguka pembeni, nilikuwa nakaa hapohapo karibu na mama wa vitumbua, na baada ya muda nikishakaa tu mkono unaenda kwenye begi wenyewe. Masomo mawili yaliyokuwa yamenishinda nikayafaulu.

Baadaye ndo nikaja kujua kumbe hii kitu imechunguzwa sana. Kuna mwanasaikolojia Mjerumani anaitwa Peter Gollwitzer, yeye tangu miaka ya 1990 amekuwa akieleza kwamba kutaka kufika na kupanga utafanya nini pale jambo fulani likitokea ni vitu viwili tofauti, na wengi wetu tunaishia kwenye kutaka. Mwaka 2002 watafiti wengine wakatoa utafiti Uingereza wa watu 248, ishu ilikuwa ni kufanya mazoezi angalau mara moja ndani ya wiki. Kundi la kawaida, waliofanya ni asilimia 38. Kundi la pili wakasomeshwa jinsi mazoezi yanavyolinda moyo, wakahamasika kwelikweli, waliofanya ni asilimia 35. Kundi la tatu wakapewa hamasa ileile ila wakaandika na siku gani, saa ngapi, wapi. Asilimia 91! Mimi nilivyoisoma hiyo nilikaa kimya kidogo, nikafikiria miaka yangu mitatu.

Sababu yake haina uchawi. "Nita" inakuachia uamuzi uje uufanye baadaye, na hiyo baadaye inakukuta umechoka, una njaa, simu ipo mkononi. "Niki" uamuzi umeshafanyika tangu jana ukiwa na akili timamu, leo tukio likifika linakukumbusha lenyewe. Na uzuri Kiswahili chetu kimeshakutengenezea, hiyo -ki- tu inatosha.

Sasa hapa kwenye kuchagua tukio ndo watu wanakosea. Usiandike "nikipata nafasi", nani anapata nafasi Dar? Usiandike saa pia kama hiyo saa inategemea foleni, maana ukiandika "saa 12 jioni natembea" halafu saa 12 upo Mtongani gari haisogei, siku imeshaharibika. Chukua kitu ambacho kinatokea upende usipende, na kinatokea kabla hujachoka: adhana ya alfajiri, kupiga mswaki, kushuka kituoni, kuzungusha kufuli la duka, meseji ya mshahara kuingia. Halafu kitendo chenyewe kiwe kidogo na kionekane kwa macho. "Nikifunga duka nashughulikia akiba" haifai, kushughulikia ndo kufanyaje? "Nikifunga duka, kabla sijahesabu hela ya mzigo, natoa elfu tatu naweka kwenye kopo la bluu." Hapo mtoto wa darasa la nne anaweza kukukagua.

Ukishaandika hiyo kaa chini utafute kinachokukwamisha, na uwe mkweli. Gabriele Oettingen, naye mwanasaikolojia, ameonyesha kitu kinachouma kidogo: kuota ukiwa umeshafika kunaweza kukurudisha nyuma. Utafiti wake wa 1991 ulifuata wanawake 25 waliokuwa kwenye programu ya kupunguza uzito, na wale waliokuwa wanajiona kichwani wameshapungua kirahisi, mwaka ulipoisha walikuwa wamepungua pungufu ya wenzao kwa kilo 11 hivi. Ukishaonja utamu kichwani mwili unatulia kama kazi imeisha. Kwa hiyo yeye anasema ota, sawa, ila hapohapo jiulize ndani yangu mimi ni nini kitanizuia. Ndani yako, siyo serikali siyo foleni. Mimi kilikuwa simu, nikikaa zile ngazi nafungua simu "dakika mbili tu" mpaka wateja wanafika. Kwa hiyo nikaongeza ya pili: "Nikishika simu kabla ya kurasa nne, naizima naitupia chini ya begi." Kikwazo nacho kimepewa niki yake.

Kwenye hela hapa naomba tuongee vizuri maana ndo wengi tunapoumia. Nina jirani anapika chapati asubuhi na nguo anashona, alikuwa anataka oveloki, ile mashine ya kumalizia kingo za nguo, ili aache kupeleka nguo kumaliziwa kwa watu. Akanunua kibubu cha mbao, kile kinachopigwa misumari kote, akajaza miezi miwili, mwanae akaumwa usiku, akakivunja na mwiko. Baada ya hapo hakuweka tena hata mia kwa sababu anaogopa kufungia hela asiyoweza kuifikia. Sasa Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walitoa utafiti 2013 uliofanyika magharibi mwa Kenya na watu walio kwenye michezo ya kupeana hela kama yetu. Wengine wakapewa kisanduku chenye kufuli na ufunguo wakaachiwa wenyewe, wengine ufunguo ukashikwa na mtu wa mradi. Kwa vitu vya kujikinga na maradhi, kama chandarua, kisanduku chenye ufunguo wako mwenyewe ndo kilisaidia sana, kile kilichofungwa kabisa hakikuleta tofauti ya maana. Kumbe hela ikishapewa jina inakuwa nzito kuigusa, na ndugu au jirani akija kukopa una la kumwambia, hii siyo yangu hii ni ya chandarua. Jirani yangu nilimshauri atumie vikopo viwili, kimoja kimeandikwa DHARURA kingine OVELOKI, na "akiuza chapati ya mwisho anagawa papo hapo kabla hajavua aproni". Amefika zaidi ya nusu.

Muda nao tunajidanganya sana, wote, siyo mafundi peke yao. Mwaka 1994 Roger Buehler na wenzake waliwauliza wanafunzi watamaliza lini tasnifu zao, kwa wastani wakasema siku 34, wakaja kumaliza siku 55 na ushee. Ukipanga unaona njia iliyonyooka tu, huoni umeme kukatika, msiba kijijini, mvua za masika. Dawa ni kuacha kukisia, angalia mara ya mwisho kitu kama hicho kilikuchukua muda gani halisi, andika huo. Msingi wangu wa nyumba nilipanga miezi mitatu ukachukua kumi na nne, sasa hivi nikipanga lenta natumia mwendo wa msingi, sitaki mambo ya safari hii itakuwa tofauti.

Na usiandike niki kumi. Moja, zikizidi mbili. Amy Dalton na Stephen Spiller walionyesha 2012 kwamba ukijipangia hivi malengo mengi kwa pamoja ile nguvu inapotea, unaona vizuizi vingi mbele unalegea. Mwalimu Nyerere alishatuambia mwaka 1969, kupanga ni kuchagua, na kuchagua maana yake kuna kingine unakiacha kikae.

Utaruka siku, hilo nakuhakikishia. Hatari ni ile liwalo na liwe inayokuja baada yake, kwamba kwa vile jana nimeharibu basi na wiki nzima ishaharibika. Utafiti wa Phillippa Lally, London, 2010, ulikuta mazoea kwa wastani huchukua siku 66 kukaa, lakini kuna wa siku 18 na kuna aliyekadiriwa 254, na kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Kwa hiyo iandikie kabisa: "Nikiruka leo, kesho narudi kwenye kurasa nne zilezile, sifidii." Usifidie kwa kusoma nane, ukifidia unaigeuza kuwa adhabu na utaanza kuikwepa.

Mimi ya sasa hivi ipo kwenye kipande cha boksi nimekibandika ndani ya mlango wa duka, maandishi ya makapeni: "Nikizungusha kufuli, natembea mpaka Mnazi Mmoja ndo napanda gari." Leo siku ya ishirini na tatu, nimeruka mbili.