Namna ya Kutengeneza Kitabu cha Bustani kwa Watoto, Kuanzia Punje ya Kunde

Ninafundisha darasa la kwanza na la pili mkoani Tanga, na kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikitengeneza pamoja na wanafunzi wangu vitabu vidogo vya hadithi kuhusu mimea tunayoilima wenyewe nyuma ya darasa. Walimu na wazazi huniuliza mara kwa mara namna ya kuanza, na jibu langu ni kwamba kitabu cha bustani hupandwa kwanza, ndipo kiandikwe. Mtu anayeandika juu ya mmea ambao hakuutazama siku baada ya siku hujikuta akiandika nasaha kuhusu umuhimu wa mboga, na mtoto wa miaka saba hazitaki nasaha hizo. Hapa chini nitatumia mfano wa kunde, kwa sababu ni zao la asili ya Afrika, huota haraka, majani yake huliwa kama mboga na punje zake huliwa pia, na mtoto wa pwani anaijua tangu jikoni kwao.

Hatua ya kwanza: Panda

Tafuta punje zisizobunguliwa, za kula, kutoka sokoni au nyumbani. Usiwape watoto mbegu za dukani zilizopakwa dawa, ambazo kwa kawaida hutiwa rangi nyekundu, ya buluu au ya kijani, kwa maana dawa hiyo ni sumu na watoto hutia vidole mdomoni. Tayarisha tuta dogo lenye mboji au samadi iliyooza vizuri, au makopo yaliyotobolewa chini ili maji yapite, kisha fukia punje kwa kina cha sentimita tatu hadi tano. Kama una nafasi ya kusubiri, panda mvua za vuli au za masika zinapoanza, ili umwagiliaji usiwe mzigo kwa watoto.

Siku hiyohiyo weka punje tatu au nne ndani ya chupa ya kioo, zikibanwa na pamba yenye unyevu pembeni mwa kioo, mahali ambapo kila mtoto anaweza kuziona. Chupa hii ndiyo dirisha la kitabu chako, kwani humwonyesha mtoto yale yanayotendeka chini ya udongo: punje huvimba, ganda hupasuka karibu na lile jicho jeusi, na mzizi hutangulia kutoka kabla ya kitu kingine chochote.

Hatua ya pili: Weka daftari la bustani

Chukua daftari moja la kurasa kubwa, na kila siku ya masomo andika tarehe, kilichoonekana, na maneno ya watoto kama walivyoyasema, bila kuyasahihisha. Kazi hii huchukua dakika tano tu, lakini ndiyo inayoamua kama kitabu kitakuwa hai au kitakuwa mfu. Katika ardhi yenye joto kunde hutokeza kati ya siku ya tatu na ya tano, shingo ikiwa imeinama, na baadaye huinyoosha huku ikizibeba juu zile pande mbili za punje. Mtoto mmoja alipoiona alisema, "Kunde imejitwisha punje yake." Nilifundisha miaka mingi bila kulipata neno linalofaa kuliko hilo, nalo likaingia kitabuni kama lilivyo.

Yaandike pia mambo ambayo mkubwa huyapita bila kuyaona. Majani mawili ya kwanza ya kunde hukaa yakielekeana, kila moja peke yake kwenye kikonyo chake, lakini yanayofuata huja kwa vijani vitatu vitatu. Waache watoto wahesabu.

Hatua ya tatu: Tafuta kisa ndani ya daftari

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mwandishi huamua kwanza kwamba mtoto wa hadithi atakuwa mvivu, kisha atakuwa hodari, kisha atapongezwa, na mmea unabaki kuwa pambo tu. Mimi nakushauri usome daftari lako lote kwa sauti, utafute mahali ambapo watoto walibishana, walishangaa au walihuzunika. Mmea wenyewe ndio unaotoa kisa.

Kwetu ubishi ulitokea kunde zilipoanza kuchanua, kati ya wiki ya sita na ya saba. Wanafunzi wa zamu ya asubuhi waliandika kwamba kuna maua ya zambarau, wale wa zamu ya mchana wakaandika kwamba hakuna, na kila upande ukaushutumu mwingine kwa uongo. Ukweli ni kwamba ua la kunde hufunguka asubuhi na mapema na hujifunga kabla ya adhuhuri ya siku hiyohiyo, kwa hiyo wote walikuwa wamesema kweli. Kisa chetu kikawa cha msichana anayeitwa Riziki, ambaye kila akifika bustanini baada ya chakula cha mchana hukuta ua limefumba, mpaka siku moja anapodamka na bibi yake.

Hatua ya nne: Gawa kurasa

Karatasi nne za A4 zikikunjwa katikati hutoa kurasa 16, nazo zinatosha. Kabla ya kuandika sentensi yoyote ya mwisho, tengeneza kitabu cha majaribio kwa karatasi chakavu na uandike kwa penseli kitakachokuwa kwenye kila ukurasa. Ukurasa wa 1 ni wa jina la kitabu, na wa 16 uache wazi kwa kazi nitakayoieleza mwishoni. Kurasa zilizobaki hufunguka mbili mbili, yaani wa 2 na wa 3, wa 4 na wa 5, na kuendelea hadi wa 14 na wa 15.

Mtoto hufurahi pale anapofunua. Kwa hiyo mambo ya kusubiriwa yaweke upande wa kulia, na jawabu lake nyuma ya ukurasa huo: katika ukurasa wa 5 Riziki ameinamia udongo mtupu, ukifunua wa 6 kunde imejitwisha punje yake. Kurasa za 8 na 9 ziko kwenye karatasi moja katikati ya kitabu, hivyo picha inaweza kuvuka mkunjo bila kukatika. Pale mimi huchora mmea mzima pamoja na mizizi yake na vile vinundu vidogo, makazi ya bakteria wanaochukua naitrojeni ya hewani na kuufaidi mmea na udongo.

Hatua ya tano: Andika maneno

Kwa darasa la kwanza weka sentensi moja au mbili fupi kwa kila ukurasa. Kwa darasa la pili unaweza kufika nne. Mtoto anayeanza kusoma hujikwaa kwenye silabi zenye mbw, ng' na njw, basi usizirundike katika ukurasa mmoja. Chagua kiitikio kitakachorudi, ili hata asiyejua kusoma bado ashiriki. Chetu kilikuwa hiki: "Riziki anatazama. Ua limefumba."

Usiogope vitenzi halisi vya shambani. Kiswahili kina kuchipua, kutambaa, kuchanua, kukomaa, kupukuchua na kupeta, na kila kimoja kina picha yake. Mwandishi anayeandika "mmea ulikua, kisha ukakua zaidi" anamnyima mtoto utajiri wa lugha yake mwenyewe. Ukimaliza, soma kwa sauti ukiwa umesimama. Pumzi inapokatika, ndipo sentensi inapotakiwa kukatwa.

Hatua ya sita: Chora ukiutazama mmea

Katika kitabu changu cha kwanza nilichora kwa kumbukumbu. Nilichora kunde ikitoka ardhini kwa jani moja jembamba lililosimama, na punje ikabaki chini ya udongo, kama inavyokuwa kwa mahindi. Mwanafunzi wa darasa la pili aling'oa mche wake, akauleta mkononi mwake ukiwa na udongo, akauweka juu ya picha yangu na kuniambia, "Mwalimu, hii siyo kunde." Alisema kweli. Nilivikusanya vitabu vyote na kuchora ukurasa ule upya, na tangu siku hiyo sichori chochote bila kuwa na mche mezani.

Chora na maadui pia. Vidukari weusi hujazana kwenye ncha changa za kunde, na mtoto akiwaona kitabuni atawatambua bustanini, na atajua kwamba yule mdudu mdogo mwekundu mwenye madoadoa ni mlaji wao, asimuue.

Hatua ya saba: Shona

Nakili kurasa safi kwa kufuata kanuni hii: namba mbili zinazokaa upande mmoja wa karatasi, zikijumlishwa, lazima zitoe 17. Karatasi ya nje kabisa ina 16 na 1 upande mmoja, 2 na 15 upande wa pili. Ya ndani kabisa ina 10 na 7, kisha 8 na 9. Zipange, ongeza jalada la manila, na utoboe mgongo kwa msumari mwembamba mahali patatu. Chukua uzi imara wa sentimita 50 hivi. Ingiza sindano katika tundu la kati kutoka ndani kwenda nje, irudishe ndani kupitia tundu la juu, ishushe hadi tundu la chini na uitoe nje, kisha irudishe ndani kwa tundu la kati, na ufunge fundo juu ya uzi mrefu uliopita katikati. Pini za stepla hushika kutu katika unyevu wa pwani, ndiyo maana napenda uzi.

Mwisho, bandika bahasha ndogo ya karatasi ndani ya jalada la nyuma, utie punje tano zilizokauka vizuri kutoka tuta lilelile. Katika ukurasa wa 16 chora mistari yenye nafasi za kujaza: siku niliyopanda, siku ilipochipua, siku ya ua la kwanza, na saa niliyoliona likiwa wazi.